Lusina na Mkia wa Punda

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nalitumia. Saa nimeitundika sebuleni, ingawa sijui mlifikiri nini kumpa saa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Lakini lile mliloniomba, kwamba nikae niandike niliyojifunza juu ya majani ya miti na mifugo, nimelichukua kwa uzito. Ninyi mmesoma kuliko sisi, na bado mtafika kwenye boma la mtu mkute mliyosoma hayatoshi. Huenda maneno haya yakawasaidia siku hiyo.

Habari za vyeo sitaziandika. Vyeo vilikuja kama mvua za Shinyanga, vikachelewa na havikutosha, basi tuendelee.

Nimezaliwa Shinyanga mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa Ujiji, Muislamu wa swala tano, na nyumbani kwetu mbuzi alionekana siku ya Idi au siku ya akika, na hakukaa muda mrefu. Nilipomaliza chuo nikapangiwa kata ya Ibadakuli, nilijua viungo vyote vya mbuzi kwa majina ya kitabuni, lakini sikuwa nimewahi kukaa na mbuzi mzima hata nusu siku. Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni: kusalimia, kukataa bei na kutukana kidogo.

Aliyenipokea ni Mzee Bundala, bwana mifugo wa siku nyingi aliyekaribia kustaafu. Nilifika na begi jipya na viatu vyenye kisigino. Akavitazama viatu, akanitazama mimi, akasema, "Leo hutamfundisha mtu. Leo utawafuata mbuzi."

"Niwafuate wapi, mzee?"

"Wanakokwenda."

Akanipeleka kwenye ngitili ya familia moja. Kwa ambaye hakukulia huku, ngitili ni eneo ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa masika, asiingie ng'ombe wala mbuzi, ili nyasi na vichaka vijijenge. Hufunguliwa kiangazi kikishakaza, mahali pengine pote pakiwa pamebaki udongo mtupu. Ile ilikuwa imefunguliwa wiki ileile. Niliwafuata wale mbuzi mpaka adhuhuri, kisigino kimoja kikabaki huko. Adhuhuri mzee akanikuta nimekaa juu ya kichuguu, akaniuliza nimeona nini. Nikaanza kumweleza habari za protini.

"Sikuuliza ulichosoma," akasema. "Nimeuliza ulichoona."

Nikafikiri. Nikamwambia nimeona mbuzi hawainami. Nyasi zilikuwepo, lakini wao walinyoosha shingo, wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakaweka kwato za mbele kwenye shina la mgunga na kuchuma vijani katikati ya miiba, kimoja kimoja, kama mama anayechambua mchele.

"Basi," akasema Mzee Bundala. "Mbuzi anakula kichwa kikiwa juu. Hiyo ndiyo kazi yako mpaka ustaafu."

Na kweli ikawa hivyo. Nimechanja, nimehasi, nimezalisha ndama waliokaa vibaya, lakini nikitazama nyuma naona zaidi ya yote nilikuwa mwanamke wa majani. Mwaka ule wa kwanza wakulima walicheka sana. Walisema serikali imeishiwa, sasa inaleta wasichana wa mjini kuwafundisha mbuzi kupanda miti. Kisha kikaja kiangazi kibaya, ngitili zikaliwa zikaisha, na wale wachache waliokubali kukata matawi ya mkunazi na kuokota maganda ya migunga ndio waliobaki na maziwa ya watoto. Waliocheka hawakuja kuniomba radhi. Walikuja kuniazima mundu, nami nikahesabu ni jambo lilelile.

Haya mtayakuta vitabuni, lakini niyaseme kwa mdomo wangu. Mbuzi ana maringo kuliko bibi harusi. Jani lililoangukia kwenye mavi yake halili, hata awe na njaa. Kwa hiyo usimwage majani chini. Funga mafungu uyatundike usawa wa kichwa chake, adhani bado yako mtini. Ukikata matawi, acha kisiki kinachofika kiunoni, maana mti uliokatwa chini kabisa huchelewa kuchipua na mwakani utakuwa huna kitu. Majani yakizidi, yaanike kivulini mpaka yakishikwa yalie, lakini yabaki na ukijani wake. Jua kali linayapausha na kuyaharibu. Kisha pigapiga matawi juu ya turubai, majani yapukutike, uyatie kwenye viroba, akiba ya kiangazi. Majani ya mfenesi mpe mabichi. Ya mihogo yaanike kwanza, mabichi yanaweza kuua. Na lusina, ule mti mwembamba wa vijani vidogovidogo unaoota upesi kuliko yote, ni chakula kizuri mno, na kwa sababu hiyo watu huuzidisha. Usipite theluthi moja ya chakula cha siku. Kinachobaki kiwe nyasi na majani mengine.

Vifaa vyangu vilikuwa mundu, kamba ya katani, mizani ya ndoano na pua. Jani lililovunda utalijua kwa pua kabla macho hayajaona kitu. Mzee Bundala alikuwa ananifumba macho kwa kitambaa na kunipa majani ninuse, huku wakulima wamesimama wanatazama. Nilikuwa nikikosea, anasema "rudia," bila kucheka. Alipostaafu alirudi kwao upande wa Mwadui, akaniachia mundu wake, na huo ndio uliokuwa cheti changu cha pili.

Baada ya miaka mingi Shinyanga nikahamishiwa Katoro. Katoro mnaijua: bodaboda, spika za kila kibanda zikishindana, na vumbi la makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu tangu asubuhi. Nilidhani huko hakuna kazi ya mtu wa majani. Kumbe ndiko kazi iliponingoja. Malisho yalikuwa yamekatwakatwa na maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Mbuzi akiachiwa huru alitumbukia shimoni, au alikwenda kunywa maji ya mabwawa ya kuchenjulia dhahabu, na aliyekunywa maji yale hakurudi. Njia iliyobaki ilikuwa mbuzi wakae bandani na majani yawafuate. Nikaanzisha kikundi cha akina mama, tukapanda lusina kwenye nyua zao, mistari kwa mistari, katika kitongoji kimoja cha pembeni mwa mji.

Mwanafunzi wangu bora katika kikundi kile alikuwa Mama Minza. Alikuwa mjane, mtu mzima kuliko mimi, mwanawe Minza ameolewa mbali huko Ushirombo. Aliishi peke yake na mbuzi wake. Mfupi, mkimya, na mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, na ninyi mnajua huku kwetu macho ya namna hiyo yanavyotazamwa. Alikuwa anaamka alfajiri kukata majani kabla jua halijachomoza, kwa sababu nilimwambia asubuhi majani huwa na maji. Mimi ninaposema kitu, watu wengi hufanya nusu yake. Yeye alifanya chote. Mbuzi wake wakaanza kuzaa mapacha, na manyoya yao yakang'aa mpaka wapita njia wakawa wanasimama.

Jirani yake, uzio kwa uzio, alikuwa Baba Shija. Huyu alikuwa na punda waliobeba mapipa ya maji kupeleka kwenye makarasha. Mtu mcheshi, sauti kubwa, mkono mwepesi wa kusaidia, na nilimpenda. Lakini kikundi chetu alikifanya kichekesho chake. "Mama Mifugo," alikuwa akiniambia kila nikipita, "wewe umewafanya mbuzi wageni wa harusi, wanapelekewa sahani walipokaa!" Mkewe alipotaka kujiunga alimkatalia mbele ya watu. Alisema kuchuma majani ni mambo ya wanawake na mboga, mwanaume akishika tawi anajenga nalo.

Kiangazi kimoja punda wa Baba Shija wakaanza kunyonyoka. Kwanza ilikwenda singa ya shingoni. Kisha mikia, ikabaki mikavu na mitupu, hata nzi walikuwa hawafukuziki. Sikuwepo, nilikuwa kwenye chanjo ya ng'ombe upande wa pili wa wilaya. Niliporudi, mambo yalikuwa yameshaharibika.

Watu walisema nywele za punda zimehamia kwa mbuzi wa Mama Minza. Tazama, walisema, hawa wanapauka na wale wanang'aa. Wengine walisema hapana, huyu mama anaamka alfajiri kuzing'oa, anawauzia wachimbaji wakatengenezee dawa ya kuvuta dhahabu duarani. Hadithi hizi mbili hazipatani, maana nywele zilizouzwa haziwezi kuwa mgongoni kwa mbuzi, lakini sikumwona mtu aliyejali. Kisimani akina mama wakaacha kumsalimia. Wenzake wa kikundi wakaacha kupita kwake. Sungusungu, wale walinzi wa jadi, wakaitisha mkutano wa kitongoji ili aamuliwe kuhamishwa.

Sitaki kulizungusha hili. Mwanamke mzee akishahukumiwa kuwa mchawi huku kwetu, kuhamishwa ndiyo hukumu ya huruma. Wapo ambao hawakupewa nafasi ya kuhama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini.

Nikaenda kwake moja kwa moja, hata vumbi la safari sijafuta. Nilimkuta anafunga mafungu ya majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama?"

Ndiye peke yake aliyeniuliza hivyo siku ile. Nikamwambia apande pikipiki nimpeleke kwa Minza sasa hivi. Polisi nilikuwa nimeshawapigia simu, wakasema wako tayari kumsindikiza. Akaendelea kufunga kamba.

"Nikitoka leo, nimekiri," akasema.

"Mama, uhai kwanza."

"Uhai wangu uko hapa. Nikienda Ushirombo na jina hili, Minza naye ataitwa mtoto wa nani? Wakwe zake watalala naye nyumba moja?" Akanitazama kwa macho yale mekundu. "Wewe ndiye mwenye kazi ya mifugo. Nenda ukawatazame hao punda."

Nikaenda. Baba Shija hakuwa na ucheshi. Alinipeleka zizini, na kweli mtu angewahurumia wale wanyama. Nikashika mkia wa mmoja. Nywele chache zilizobaki zikatoka na vidole vyangu kama uzi uliooza, na punda hata hakutingisha sikio. Nywele inayong'olewa kwa nguvu huacha ngozi iliyokasirika, yenye vidonda au uvimbe. Hapa ngozi ilikuwa imetulia kabisa. Nikainua kwato: zilikuwa na pete na mabonde. Hakuna mkono wa mtu uliofanya vile. Kilikuwa kitu walichokula.

"Baba Shija, unawalisha nini?"

"Nyasi. Punda hula nini kingine?"

Nyasi zipi, katika kiangazi kile? Sikuziona zizini hata shina moja. Nikaenda jikoni kumsalimia Mama Shija, na pale ndipo nilipoona. Pembeni ya mafiga palikuwa na lundo la fito nyembamba, zimeparuliwa magome mpaka nyeupe, na mikwaruzo ya meno imejaa. Nilikata fito za namna ile kwa miaka mingi. Naijua lusina hata ikiwa kuni.

"Kuni zako nzuri, Mama Shija," nikasema.

Akageuza ugali. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Muulize baba watoto."

Nikamuuliza tena, wawili tu, nyuma ya zizi. Alikana. Akakana tena kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akakaa juu ya pipa, akavua kofia. Alikuwa ameona mbuzi wa jirani wanavyonona. Akajiambia mti unaomnenepesha mbuzi hivyo utamfanyia nini punda, mnyama mkubwa, wa kazi? Akapanda lusina yake mwenyewe nyuma ya migomba, mahali pasipoonekana kutoka njiani, akawa anaikata watu wakiwa wametawanyika makazini. Kwa kuwa nyasi hazikuwepo, aliwapa hiyo tu, miezi na miezi. Angekuja kuniuliza mara moja ningemwambia. Lakini hakuweza kuuliza, kwa sababu alikuwa ameshacheka mno.

"Nimewaua?" akaniuliza.

"Hapana. Ukiacha leo, watapona. Lakini Mama Minza ndiye anayeuawa. Kesho useme mkutanoni."

"Niseme mimi? Kwamba nilijificha nikate majani kama wanawake?"

"Usiposema wewe nitasema mimi. Nikisema mimi utaonekana mwongo. Ukisema mwenyewe utaonekana mjinga tu, na wajinga tuko wengi."

Hakuniahidi kitu. Nilirudi nyumbani, nikaswali, nikala kidogo, na sikujua kesho yake angesema nini.

Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja cha shule. Sungusungu walikaa mbele na fimbo zao magotini. Kamanda wao alikuwa mzee mwembamba, mkali, lakini alikuwa na tabia moja niliyoiheshimu: hakumkata mtu kauli. Mama Minza aliketi chini peke yake, na nafasi waliyomwachia pande zote ilitosha kucheza mpira.

Kamanda aliuliza nani ana neno. Baba Shija akasimama. Nilimwona anatafuta ucheshi wake na hauoni.

"Ngosha zangu," akawaambia wanaume wenzake, "punda wangu nimekuwa nawapa lusina. Mimi mwenyewe. Nilificha."

Watu wakaangua kicheko. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kumbe na wewe uko kwenye kikundi cha akina mama!" Baba Shija akasimama hapohapo akapokea kicheko chote, jasho linamtoka, na nawaambieni, katika kazi yangu nimeona wanaume wakishika mafahali kwa pembe lakini ujasiri ule ulikuwa mkubwa zaidi.

Nilidhani yamekwisha. Hayakwisha. Kamanda akainua fimbo, kicheko kikanyamaza.

"Mama Mifugo," akasema, "sisi ni wafugaji. Jani hilo umelileta wewe. Mbuzi wa mama huyu wanalila, wananenepa. Punda wa huyu wanalila, wananyonyoka. Jani moja, uzio mmoja. Sasa tofauti ni jani, au ni mwenye mkono?"

Lilikuwa swali zuri. Nikasimama nikawauliza nani kati yao amewahi kumwona punda akicheua. Wakatazamana. Wafugaji wale walijua ng'ombe kwa rangi, kwa ukoo na kwa sauti, na hakuna aliyenijibu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona. Nikawaambia lusina ina sumu yake ndogo. Mbuzi na ng'ombe huirudisha na kuicheua, na ndani ya matumbo yao sumu ile huvunjwa. Hata wao wakizidishiwa wataumia. Punda hacheui. Kinachoingia, kimeingia, nacho hutokea kwenye nywele na kwato. Wazee kadhaa wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikasema waacheni punda wale nyasi, nitazitafuta mimi, na nywele zitaota.

Kamanda akaishusha fimbo magotini.

"Zikiota akiwa ameondoka," akasema, "watu watasema zimeota kwa sababu ameondoka. Zikiota akiwa amefungiwa ndani, watasema hivyohivyo. Kwa hiyo hataondoka, wala hatajifungia. Yeye mwenyewe ndiye awalishe hao punda, kila asubuhi, kwa mikono yake, watu wakitazama. Tukutane tena mnada wa mwezi ujao ukishapita. Zikiota, nitamnawisha mikono mimi mwenyewe mbele yenu. Zisipoota..."

Nilitaka kupinga. Nilijua nywele zitaota, lakini lini? Nimeona punda walioanza kuchipua upesi na nimeona waliochukua muda. Nikafungua mdomo, na nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Minza, mara ya kwanza na ya mwisho siku ile.

"Nitawalisha," akasema.

Basi akawalisha. Nyasi nilizipata kwa watu wa bondeni, nikawa nazileta kwa pikipiki mpaka ofisini wakaniuliza kama nimebadilisha kazi. Kila asubuhi Mama Minza alivuka njia na tita kichwani, kutoka kwake mpaka kwa Baba Shija, na watu walisimama vibarazani wamefumba midomo. Watoto walivutwa ndani. Yeye aliingia zizini, akafungua kamba, akagawa nyasi, akarudi kulisha mbuzi wake. Hakumsalimia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeitikia. Baada ya siku kadhaa Mama Shija akaanza kumwekea maji ya kunywa kwenye kikombe juu ya mti wa zizi. Mama Minza akawa anayanywa.

Mimi kila nilipopata nafasi nilipita nikishika mikia. Laini. Laini. Laini. Wiki zikapita, mnada ukakaribia, nikawa sipati usingizi, na mume wangu akaniambia nimeanza kuzungumza habari za mikia nikiwa nimelala.

Kisha asubuhi moja simu ikalia. Ni Baba Shija, anapumua kama mtu aliyekimbia.

"Mama Mifugo, njoo uguse."

"Niguse nini?"

"Njoo uguse tu!"

Nikaenda. Nikapitisha kidole kwenye mkia wa yule punda mkubwa, nikasikia mkwaruzo, kama kidevu cha mwanaume aliyenyoa juzi. Nikaangalia shingoni: kivuli cheusi kilikuwa kinatoka kwenye ngozi. Baba Shija alikuwa analia waziwazi, mikono kichwani, na mimi nikalia naye. Sijui kama ni utaratibu wa kazi, lakini andikeni kwamba nililia.

Mnada ulipopita, kiwanja cha shule kikajaa kuliko mara ya kwanza. Punda waliletwa, na kila mwenye shaka alipewa nafasi ya kugusa. Kamanda alitimiza neno lake: akaagiza maji, akamnawisha Mama Minza mikono mbele ya wote, akasema, "Wabeja, mayu," maana yake asante, mama. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale waliomkwepa kisimani ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Baba Shija akatangaza kwamba anajiunga na kikundi, na safari hii aliyecheka alichekwa.

Watu walimsindikiza mpaka nyumbani kwa nyimbo. Walipotawanyika nikabaki naye. Alikuwa amechoka, amekaa kizingitini. Nikaingia ndani kumchotea maji, na nyuma ya mlango nikaliona furushi. Kitenge kimefungwa vizuri, fundo imara, blanketi dogo na sufuria vimechomoza pembeni. Vumbi lilikuwa limekaa juu yake. Nikaelewa kwamba lilifungwa tangu siku ya mkutano wa kwanza, na kwamba kila asubuhi alipovuka ile njia na tita la nyasi alikuwa ameliacha tayari.

Nikamletea maji. Nikasema kwa furaha, kama mtu aliyemaliza kazi yake, "Mama Minza, sasa fungua furushi upumzike. Mkia umeota."

Akanywa maji yote kwanza.

"Umeota," akasema. "Na kama usingeota, mwanangu?"

Swali hilo nimetembea nalo tangu siku ile. Wiki iliyopita, nikiwa raia wa kawaida asiye na pikipiki ya serikali, nilipanda bodaboda nikaenda kumuaga. Amezeeka, lakini mbuzi wake ni wazuri kuliko wote kitongojini, na Mama Shija alikuwa pale wanafunga mafungu pamoja na kucheka. Aliniambia niingie ndani nichukue kigoda. Nikaingia, nikakichukua, na furushi lilikuwa palepale nyuma ya mlango, limefungwa. Lakini halikuwa na vumbi, na kitenge kilikuwa kipya.